Sawasawa: neno moja, karatasi moja, na jirani aliyehama

Karibu na robine ya lupango letu, katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kuna karatasi moja iliyofunikwa na plastiki. Ina vifungu kumi na kimoja. Juu yake kumeandikwa kwa herufi kubwa: Règlement intérieur. Aliyeiandika ni mimi. Nimekaa miezi mingi bila kulisema jambo hili mbele ya wenzangu wa fakulte, kwa sababu ni aibu kwa mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika kukiri kwamba maandishi yake ya kwanza kupata nguvu ya sheria yalikuwa ya Kifaransa, na kwamba yalimhamisha jirani yake. Leo nalisema, si kwa kutafuta kusamehewa, bali kwa sababu naamini kwamba wengi kati yetu tumeandika, au tutaandika, karatasi kama hiyo.

Kwa msomaji asiyeishi katika lupango, nieleze kwanza. Lupango letu lina nyumba sita, yaani nyumba moja kubwa iliyo mbele na vyumba vitano vilivyojengwa kufuata ukuta wa nyuma. Robine ni moja, choo ni kimoja, mita ya umeme ni moja, lango ni moja. Bayere haishi hapo. Anakuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi yake. Siku zingine zote za mwezi, sisi balokatere ndio serikali. Nani anafungua lango usiku, nani anachota maji kwanza saa kumi za alfajiri presha ikiwa bado nzuri, nani anaosha choo, nani alipe nini fakture ikifika: hayo yote tunayaamua sisi wenyewe, tukiwa tumesimama uani, mikono ikiwa na ndoo.

Katika nchi nyingine jambo hili lina jina kubwa na sheria yake. Ufaransa ina sheria ya tarehe 10 Julai 1965 juu ya kopropriete: kila mtu ni mwenye fleti yake, lakini ngazi, paa, mabomba na ua ni vya wote, na kuna mkutano mkuu wa wenye nyumba unaopiga kura. Tanzania ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2008, na Kenya (nchi, si komini yetu) ilipata sheria mpya mwaka 2020. Mtu atasema hayo ni mambo ya wenye mali, sisi ni wapangaji tu. Ni kweli hatumiliki hata tofali moja. Lakini swali ni lile lile: watu ambao hawakuchaguana, wasio wa ukoo mmoja wala kanisa moja, wanatumia pamoja kitu kimoja kisichotosha, na wanatakiwa kukubaliana. Na kukubaliana, wenzangu, ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la mfuko.

Sasa nisimulie ilivyokuwa. Fakture ya umeme ya mwezi ule ilikuwa 60 000 franga. Kabla ya hapo kila mwezi palikuwa na kelele, na kila mwezi kelele iliisha kwa mtu mmoja kuongeza kidogo na mwingine kupunguziwa. Tulichoka. Jumapili moja, baada ya kutoka kanisani, tuliketi wote chini ya mwembe. Tuliongea karibu saa mbili. Niseme kwamba mkutano ule ulikuwa wa Kiswahili chetu, kile cha Lubumbashi, chenye ba- yake na njo yake, chenye Kifaransa kilichopikwa pamoja na chakula. Mtu wa Kasai aliongea Kiswahili, mtu wa Kasenga aliongea Kiswahili, fundi wa nguo aliyetoka Kalemie aliongea Kiswahili akajifanya kutucheka. Hata kicheko kilikuwapo. Niliposema tupige kura, mzee mmoja alijibu: “Kura haiko tangu asubui.” Mjuavyo, courant ya Kifaransa, ikipita katika vinywa vyetu, inakuwa karibu sawa na kura. Tulicheka, na hatukupiga kura. Mwishoni mzee huyo huyo alisema neno ambalo wote walilikubali: “Basi, kila mutu alipe sawasawa.” Vichwa vyote vilitikisika. Ee, sawasawa. Njo ile.

Kisha wakanigeukia. “We unasoma ku iniversite, andika.”

Nilikwenda chumbani nikaandika. Sikujiuliza hata kidogo niandike kwa lugha gani. Mkono wangu ulianza wenyewe: Article 1, Article 2. Nilipofika kwenye fakture niliandika kwamba kila ménage itachangia à parts égales, yaani kwa sehemu zilizo sawa. Kifungu cha 4 kilisema kwamba atakayekosa kulipa miezi mitatu mfululizo atakatiwa umeme bila taarifa nyingine. Sentensi zilipendeza. Niliona fahari kwa sababu zilifanana na karatasi za ofisini.

Jioni nilizunguka mlango kwa mlango ili watu watie sahihi. Kwa jirani wa chumba cha mwisho, mama mjane anayekaanga bitumbula kando ya barabara na kulea watoto watatu, nilisoma vifungu kwa Kifaransa, haraka haraka. Aliniuliza: “Inasema nini, mwanangu?” Nilimjibu: “Njo ile tulisema, mama.” Akatia sahihi.

Sentensi ile ya maneno manne ndiyo kosa langu. Haikuwa kweli. Haikuwa ile tuliyosema.

Tazameni neno sawasawa. Kamusi yoyote ya Kiswahili itawapa angalau njia mbili. Sawasawa ni kwa kulingana, hakuna zaidi wala pungufu. Na sawasawa ni barabara, ipasavyo, inavyostahili: tunasema fanya kazi yako sawasawa, wala hatumaanishi ifanye ilingane na ya jirani. Sawa peke yake inaongeza njia nyingine: kwetu tunasema sawa kwa kufananisha kitu na kitu, na tunasema sawa kwa kukubali tu, tumalize tulale. Chini ya mwembe, maana hizo zote zilikuwa zimekaa pamoja kwa amani. Fundi wa nguo, mwenye mashine na pasi ya umeme, alisikia: kila nyumba itoe 10 000. Mama wa bitumbula, mwenye taa moja na telefone, alisikia: kila mtu atoe inavyostahili, kulingana na kile anachotumia. Wote wawili walitikisa kichwa, na hakuna aliyedanganya.

Je, mkutano ulikuwa umeshindwa basi, kwa kuwa watu walikubali mambo tofauti? Hapana, na hapa ndipo naomba wenzangu wa semantiki wanisikilize. Maneno ya mdomo yana nafasi ya kurudiwa. Mwezi uliofuata fundi angedai 10 000 kwa kila mlango, mama angepinga, na ule utata ungefunguliwa mbele ya watu wote, kwa lugha ambayo wote wawili wanaiweza. Pengine wangegombana. Lakini wangegombana juu ya maana ya neno lao. Mimi nilipoandika à parts égales, nilichagua maana moja na kuua nyingine, peke yangu, chumbani, bila mtu kujua kwamba uchaguzi umefanyika. Tangu siku ile, kila mama alipofungua kinywa aliambiwa: “Soma karatasi. Ulitia sahihi.” Naye hakuweza kuisoma.

Mwezi wa kwanza alilipa 10 000. Wa pili alilipa 4 000. Wa tatu na wa nne hakulipa sawa na karatasi, na wa tano fundi wa umeme aliitwa, waya wake ukakatwa. Bayere alipokuja alionyeshwa karatasi, akasema yeye anafuata kilichoandikwa. Watoto wake walisoma kwa mshumaa wiki mbili. Kisha siku ya Jumamosi alifunga sufuria na magodoro kwenye toleka ya kukodi, akahamia upande wa Annexe, mbali na wateja wake aliokuwa amewazoeza miaka. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Karatasi ilifanya kazi hiyo.

Profesa wetu wa pragmatiki alitufundisha kuhusu J. L. Austin na kitabu chake cha 1962 kinachoonyesha kwamba kusema ni kutenda: kuahidi, kuapa, kukubali. Nililijibu swali hilo vizuri kwenye mtihani. Austin anasema pia kwamba tendo la namna hiyo linahitaji masharti ili lifaulu. Sahihi ya mama ilikuwa na umbo lote la ahadi: karatasi, kalamu, tarehe, shahidi. Ilikosa sharti moja tu, kwamba anayeahidi ajue anachoahidi. Mimi mwenye kulijua sharti hilo ndiye niliyeshika kalamu.

Kwa nini mkono wangu ulianza kwa Kifaransa? Si kwa bahati. Charles Ferguson aliandika mwaka 1959 juu ya diglosia: jamii moja, namna mbili za lugha, moja ya heshima kwa mambo mazito, nyingine ya nyumbani. Alizungumza juu ya namna mbili za lugha moja. Joshua Fishman, mwaka 1967, alilipanua wazo hilo hadi lugha mbili tofauti, na hapo ndipo tunapoingia sisi. Kifaransa kwa karatasi, Kiswahili kwa mdomo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, tangu kifungu chake cha kwanza, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa ambazo Dola inapaswa kuzikuza. Lakini lupango letu si Dola. Hakuna sheria yoyote iliyonilazimisha kuandika Kifaransa kwenye ukuta wa robine. Nilijilazimisha mwenyewe.

Na tabia hii ina historia yake katika mji huu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na Kiswahili chake kilikua kwa sehemu kubwa katika makambi ya wafanyakazi, hasa ya Union Minière. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, alionyesha jinsi Wabelgiji walivyokitaka Kiswahili kiwe chombo cha kuamuru na cha kupanga kazi. Kambini, kanuni zilitoka juu. Mfanyakazi alipewa nyumba, alipewa posho, alipewa kanuni. Kuandika kanuni ilikuwa kazi ya mwenye ofisi. Nafikiri tumerithi wazo hilo bila kujua: kwamba kanuni, ili iwe kanuni, ni lazima isikike kama imetoka kwa mtu mwingine asiye sisi.

Hata hivyo mji huu huu una ushahidi wa kinyume chake. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wao, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kichwa kina Kifaransa. Maandishi ni ya Kiswahili cha hapa, jinsi wale watu walivyokiongea, bila kumwomba mtu wa Zanzibar ruhusa. Fabian aliyatolea kitabu mwaka 1990. Tunayasoma darasani kama hati ya kuchunguza viambishi. Mimi leo nayasoma kwa swali lingine: kama watumishi wa nyumbani mwaka 1965 waliweza kuandika mambo yao makubwa katika Kiswahili chao, mwanafunzi wa isimu alishindwa nini kuandika mambo ya fakture?

Nayajua majibu, kwa sababu nimeyasikia kutoka kwa wenzangu, na mengine ni yangu mwenyewe.

La kwanza: karatasi ya Kifaransa inakubalika kwa shefu wa kartye na kwenye komini. Sawa. Lakini katika miaka yangu yote ya kukaa pale, hakuna kesi moja ya robine iliyofika komini. Tuliandika kwa ajili ya msomaji asiyekuja, tukamwacha msomaji aliye mlangoni. Na hata Kifaransa chenyewe sikukijua. Ile sheria ya Ufaransa ya 1965, katika kifungu chake cha 10, inasema kwamba gharama za huduma na vifaa vya pamoja zigawanywe kulingana na faida inayopatikana kwa kila sehemu ya jengo. Ndiyo sababu mtu wa chini hachangii asansa kama mtu wa juu kabisa. Yaani Wafaransa wenyewe walisikia sawasawa kama mama wa bitumbula. Mimi niliiga sauti ya sheria yao nikaacha akili yake.

La pili: tuandike kwa Kiswahili kipi? Kile bora cha vitabuni au chetu? Hili ni swali la haki, na najua katika fakulte yetu lina uzito. Mimi mwenyewe naandika makala hii kwa Kiswahili cha vitabuni, kwa sababu nawaandikia ninyi. Lakini kanuni ya lupango iandikwe kwa lugha ambayo anayefungwa nayo anaweza kuirudisha kwa kinywa chake. Nimejaribu: nilimsomea jirani mmoja sentensi “kila mpangaji atawajibika kuchangia gharama.” Aliniuliza kama kuwajibika ni kujibu. Si mjinga, neno hilo halipiti mlangoni kwake. Kiswahili bora nacho kinaweza kuwa Kifaransa cha pili.

La tatu, na ndilo zito zaidi: shida si lugha, shida ni umaskini. Umeme ungekuwa wa bei ndogo, au kila mlango ungekuwa na mita yake, hakuna ambaye angehama. Nakubali. Sitaki kumwambia mtu mwenye njaa kwamba anahitaji tafsiri. Na ninajua kwamba fundi wa nguo angetetea 10 000 zake hata kwa Kiswahili. Lakini umaskini ule ulikuwa wa wote sita. Lugha ya karatasi ndiyo iliyochagua ni nani kati ya maskini sita angeweza kujitetea na nani asiweze. Jambo hilo liko ndani ya uwezo wetu, mita sita haziko.

Tena tusisahau kwamba kuna sheria zinazomlinda mpangaji, nazo zimelala katika Kifaransa vile vile. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba zisizo za biashara inaweka garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Ulizeni katika lupango lenu ni wangapi wanaijua, kisha ulizeni walilipa miezi mingapi.

Nataka pia niseme juu ya kitu kimoja ambacho lupango letu linakifanya vizuri, na ambacho hakikuandikwa popote. Choo. Zamu ya kuosha choo inaongozwa na fagio. Ukimaliza kuosha, unaliegemeza fagio kwenye mlango wa jirani anayefuata. Ukiamka ukalikuta mlangoni kwako, ni siku yako. Ukisafiri, unalipitisha na kumwambia jirani kwa mdomo. Mimi nimekuta desturi hii, na inaendelea mpaka leo. Kila mtu anaiona, kila mtu anaielewa, na mtu akionewa anaweza kusema mara moja: fagio limeruka mlango. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza katika kitabu chake cha 1990 jamii nyingi zinazotunza pamoja maji, misitu na malisho. Aliona kwamba zile zinazodumu zina tabia zinazofanana: wanaofungwa na kanuni wanaweza kushiriki kuzibadilisha, wanaangaliana wao wenyewe, adhabu inaanza ndogo na kupanda polepole, na kuna mahali pa karibu pa kumalizia ugomvi. Fagio letu lina hayo yote. Karatasi yangu haikuwa na hata moja: haikubadilika, ilimfanya bayere kuwa mwamuzi, na adhabu yake ya kwanza ilikuwa giza.

Baada ya mama kuhama, niliomba tukutane tena chini ya mwembe. Safari hii sikuandika peke yangu. Nilikaa na daftari magotini, mtu akisema sentensi, naiandika jinsi alivyoisema, naisoma kwa sauti, kisha namwomba mtu mwingine aniambie kwa maneno yake mwenyewe amesikia nini. Pale ambapo maneno ya pili hayakukutana na ya kwanza, tulisimama tukajadili. Ilichukua Jumapili tatu. Neno sawasawa lilirudi katika nusu saa ya kwanza, na safari hii tulilifungua. Tulipata kitu ambacho mimi peke yangu nisingekipata: pointi. Nanukuu sehemu ya karatasi mpya jinsi ilivyo:

“Mwenye taa na telefone analipa pointi moya. Mwenye televizyo anaongeza moya. Mwenye pasi anaongeza mbili. Mwenye mashini ya kushona anaongeza tatu. Mwenye konjelatere anaongeza ine. Kama mutu amekosa franga, aseme mbele ya tarehe 25. Hatutakata kura ya mutu mbele ya kuikala na kuongea naye.”

Hesabu si ngumu. Fundi ana pointi 6, mama wa konjelatere 5, nyumba mbili zina 3 kila moja, moja ina 2, na chumba cha mwisho kina 1. Jumla 20. Fakture ikiwa 60 000, pointi moja ni 3 000. Chumba cha mwisho, ambacho sasa kina kijana mwashi, kinalipa 3 000. Mama wa bitumbula alikuwa anadaiwa 10 000 kwa taa ile ile.

Sitaki kudanganya kwamba amani imefika. Mama wa konjelatere anasema pointi 4 ni nyingi, kwa kuwa umeme ukikosekana nusu ya siku konjelatere haili kitu. Ana hoja. Wiki iliyopita alisimama mbele ya karatasi, akaweka kidole kwenye sentensi, akasema: “Hii tuibadirishe.” Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Katika miezi yote ya karatasi ya kwanza, hakuna mtu aliyewahi kuweka kidole chake kwenye sentensi.

Nilikwenda kumtafuta mama huko Annexe. Nilitaka kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu. Alinipa kiti, akanipa bitumbula vitatu akakataa franga zangu. Nilipomweleza habari ya égales na sawasawa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mi nilizani njo vile bote mulitaka.” Ndivyo alivyoishi miezi ile mitano: akiamini kwamba majirani aliokula nao walikuwa wameamua kwa makusudi kumlipisha kupita uwezo wake. Hilo limenichoma kuliko hesabu. Simpi mtu mwingine mzigo huo.

Sasa nawageukia ninyi, wenzangu wa fakulte na walimu wetu. Tunaandika TFC na memwari juu ya viambishi ngeli, juu ya toni, juu ya methali zilizokusanywa na wamisionari. Ni kazi njema, nami nimo ndani yake. Lakini karibu kila mmoja wetu anarudi jioni katika lupango ambamo yeye ndiye anayeambiwa “we unasoma, andika.” Tunatumika kama makarani wa mji huu bila kuandaliwa kwa kazi hiyo. Naomba mambo mawili tu. Kwa walimu: mtukubalie mada za namna hii, karatasi za malupango, mikataba ya kupanga, matangazo ya kartye, ziwe data kama data nyingine, na somo la tafsiri liwe na saa chache za kuandika kanuni fupi kwa Kiswahili ambacho wenye kuitumia watakielewa. Kwa wanafunzi: mkiitwa kuandika, msiondoke uani. Andikeni mbele ya watu, somoni kwa sauti, na kabla mtu hajashika kalamu mwombeni awaambie kwa maneno yake amesikia nini.

Kiswahili kinamwita anayekodi nyumba mpangaji, na kitenzi chake, kupanga, ni kile kile cha kuweka mambo kwa utaratibu na cha kufanya mpango. Tunakaa humo kwa kodi, lakini jina letu linatupa pia kazi. Mwenye karatasi ya lango, ya robine au ya choo iliyoandikwa katika lupango lake, kwa lugha yoyote, aniletee nakala yake. Tukipata hata kumi, tutakaa pamoja Jumamosi moja tuzisome kwa sauti, tuone ni wapi kuna sawasawa iliyofungiwa ndani.